Mkono Gani

Nimenawa kwa mafuta ya taa, kisha sabuni, kisha mchanga,
na bado grisi imekaa kwenye mistari ya viganja.
Kwa hiyo nasimama mbali kidogo na kaunta
dukani kwa Bi Shirini, barabara ya nane, Ngamiani,
nisije nikachafua kitambaa cha watu.

Nataka vitu vya kushonea, nasema.
Vya nani?
Vya mtoto. Mwatime. Ana miaka tisa.
Anashonea nini mpaka sasa?
Naona haya kumjibu:
shazia, Bi Shirini, ile ya magunia,
na uzi wa katani alioufumua kwenye kamba.
Kashona tandiko la baiskeli ya mteja bila kutumwa,
mshono umepinda kama njia ya kupanda Amani.

Bi Shirini hacheki. Anavuta droo.
Sindano kwanza. Si hizi za kudarizia kofia,
zitamchoma, zimkatishe tamaa siku hiyo hiyo.
Hii, yenye tundu pana,
atunge uzi mwenyewe, asimwite mtu.
Uzi wa pamba. Nailoni huteleza, fundo halikai.
Mwekundu, juu ya kitambaa cheupe,
aone alipokosea.
(Mimi ningechukua mweupe, ufiche.)
Marekani, yadi moja na nusu. Hariri hapana, hata akilia.
Kustabani: ananijaribisha kidole cha mwisho,
hakiingii hata kucha.
Chaki ya buluu. Vifungo vya matundu manne.
Tepu, maana yangu ya chuma
haizunguki kiuno cha mtu.

Nahesabu kimoyomoyo.
Tepu ni pancha mbili.
Marekani ni tairi kuukuu la nyuma.

Halafu mkasi.
Anatumia mkono gani?

Hapo nikanyamaza.
Mtu anaweza kuitambua beringi inayokufa
baiskeli ikiwa bado kona ya pili,
na asiujue mkono wa mwanawe.
Anakula kwa wa kulia, nikasema, kama watu.
Sikuuliza kula.

Nikafumba macho pale pale dukani.
Nikajiona nimelala chini ya baiskeli, mkono nje,
leta spana kumi na tatu,
na spana inakuja,
na kidole gumba kinachoileta kina kovu,
lile la chupa ya soda, mwaka juzi.
Kovu liko kushoto.

Shangazi yake humpiga kofi mkono ule.
Kwa hiyo mezani anaukalia.
Shuleni anaandika kwa wa kulia,
herufi zimelala kama wagonjwa.
Kumbe chini ya baiskeli, pasipo mtu,
alikuwa akinipa ule wake.

Kushoto, nikasema,
kama mtu anayekiri deni.

Bi Shirini akaenda nyuma, akakaa
mpaka nikadhani ameswali.
Akarudi na mkasi ndani ya karatasi ya mafuta:
wa marehemu dada yangu. Siuuzi.
Makali yamekufa, kaunoe.
Akikua, aurudishe.

Kunoa najua.
Jiwe langu huzungushwa kwa pedeli;
Mwatime ndiye aliyekanyaga, cheche zikaruka,
akauliza ni kisu cha nani, sikumjibu.

Usiku nikavitandaza vyote mkekani.
Dada yangu kasimama mlangoni, mikono kiunoni.
Mtoto akamtazama yeye, akanitazama mimi.
Akaupeleka wa kulia kwenye mkasi,
akaurudisha.

Dada, nikasema, chai yako inafurika jikoni.
Hapakuwa na chai jikoni.
Alinikazia macho muda mrefu, kisha akaenda kuitazama,
nami nikageuka kutafuta kitu ukutani,
na nyuma yangu nikasikia marekani
inakatwa, kidogo, kidogo,
bila shaka imepinda.